Vita Vilivyotoka kwenye Kipaza Sauti

Filamu yenyewe niliiona zaidi ya mara moja, lakini sijui inaitwaje. Kanda ilifika Nachingwea bila ganda lake, na sehemu ya mwanzo, ile yenye majina ya waigizaji, ilikuwa imekwaruzika hadi picha ikawa kama mvua. Watu wakaiita Ya Tajiri. Ukiuliza sokoni, "Leo bandani wanaonyesha nini?" unajibiwa, "Ya Tajiri," na unajua kama utakwenda au hutakwenda.

Hadithi yake ilikuwa hivi. Kulikuwa na tajiri mwenye magazeti na vituo vya televisheni katika nchi nyingi. Alikuwa na nyumba, ndege na walinzi, lakini hakutosheka. Alitaka watu wote wajue kile tu ambacho yeye ametaka kijulikane. Akaona kungoja mambo yatokee ndipo ayaandike ni kupoteza muda. Akawa anayaandika kwanza, kisha anatuma watu wake wakayafanye. Kulikuwa na nchi mbili zilizotenganishwa na mto, na juu ya mto daraja. Magazeti yake yakachapwa jioni yakisema nchi moja imelipua daraja. Asubuhi daraja likalipuka kweli. Nchi mbili zikaanza kuandaa majeshi, na tajiri akakaa kwenye chumba chenye televisheni ukuta mzima, akitazama. Ndipo akatumwa kachero, kijana mrefu mwenye suti isiyochafuka, akamzuie.

Naweza kuisimulia hivyo kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na Kiingereza cha filamu nilikuwa nakishika nusunusu. Waliokuwa bandani hawakuisikia hadithi hiyo. Walisikia ya mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mdogo wa mama, wa tumbo moja, na ndiye ndugu pekee wa kiume aliyekuwa naye upande huu wa mto Ruvuma. Miaka hiyo, mwishoni mwa tisini na kuingia elfu mbili, alikuwa mtafsiri katika banda la video nyuma ya soko la Nachingwea. Banda lilikuwa la mabati, kuta za mianzi zilizozibwa kwa magunia ili mwanga usiingie. Deki, televisheni na jenereta vilikuwa vya mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na banda jingine Ruangwa. Mjomba alifanya kazi zaidi Nachingwea, lakini machimbo ya vito yalipochangamka alipelekwa Ruangwa, wachimbaji wakatoka mashimoni na vumbi lao wakaja kumsikiliza.

Kazi ilikuwa kukaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni, sauti ya filamu ikiwa imepunguzwa, kushika kinasa sauti, yaani maiki, na kusema kwa Kiswahili maneno ya kila mtu: steringi, jambazi, mwanamke, polisi, hata mbwa. Kiingereza alikiokota jikoni kwa mapadre, alikopika kwa miaka kadhaa. Alijua vyakula, vyombo, salamu na maneno ya kukaripia. Yaliyobaki aliyasoma kwenye nyuso za watu.

Hakuna aliyemlaumu. Watu walilipia wamsikilize yeye.

"Kaka, huyo mzungu kasema neno moja, wewe umesema kumi," mtu angepaza sauti kutoka nyuma.

"Kizungu kinafungwa kama mkeka," mjomba alijibu kwenye kinasa sauti bila kugeuka. "Mimi nakikunjua. Unataka nikuachie kikiwa kimefungwa?"

"Kunjua, kunjua tu."

Alikuwa na desturi mbili zilizomfanya apendwe kuliko watafsiri wengine. Ya kwanza, alihamishia filamu kwetu. Magari yakifukuzana alisema yamepita Nambambo na yanaelekea Marambo. Helikopta ikitua alisema imetua Kiegei, na waliotoka Kiegei walipiga miluzi. Ya pili ilikuwa ya habari. Kila filamu ilipoonyesha mtu anasoma habari kwenye televisheni, mjomba aligonga debe tupu lililokuwa miguuni pake, mapigo yaleyale ya ngoma ya redio kabla ya taarifa ya habari, kisha akabadilisha sauti ikawa nzito na ya taratibu kama ya watangazaji wa taifa. Watu wazima walinyamaza bila kujijua. Miaka yote walikuwa wamenyamaza kwa mapigo hayo.

Na juu ya paa kulikuwa na kipaza sauti cha chuma chenye mdomo mpana, kama vile vya misikitini. Mwenye banda alikiweka ili walioko sokoni wasikie na kuvutiwa. Ndani watu waliona picha na kusikia maneno. Nje yalifika maneno tu.

Sasa niseme habari ya mama.

Mama alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, na alivuka akiwa msichana, wakati wa vita, pamoja na bibi na mjomba. Mimi nilizaliwa Nachingwea. Nyumbani tulisema Kimakua, shuleni Kiswahili. Vita vya kule vilipoisha bibi alirudi kwao, akasema hawezi kufia kwenye ardhi ya kuazima. Mama hakwenda naye kwa sababu yangu na ya shamba. Walikuwa hawajaonana tangu hapo. Mwaka ninaousema, wakati ufuta umeshauzwa na korosho bado, alikuja mtu wa kule kuuza samaki wakavu, akamwambia mama kwamba bibi hali tena ugali, anakunywa uji, na kwamba amesema watoto wake waje kabla ya mvua. Mvua ikianza mto unafura na mitumbwi haivuki.

Kwa watu wetu, mjomba ndiye mwenye dada zake na watoto wa dada zake. Baba anaheshimiwa, lakini neno la safari, la ndoa na la msiba linatoka kwa mjomba. Baba yangu alishafariki. Mama alimkuta mjomba akila nyuma ya banda.

"Mama anatuita," alimwambia.

"Nimesikia."

"Basi tuondoke wote."

"Dada, watu ndiyo kwanza wana hela za ufuta. Nikiondoka sasa mwenye banda ataweka mtu mwingine kwenye kigoda changu."

"Mama anakunywa uji."

"Tangulia. Mvua ikipita nakuja."

Mama alimtazama anavyokula. Kisha akauliza, "Unanipeleka na nani?"

Mjomba akamkabidhi kwa mzee mmoja muuza tumbaku, Mmakua mwenzetu, aliyekuwa anapeleka kundi la watu ng'ambo kila mwaka wakati wa kiangazi. Haikuwa kazi ya kila mtu. Wapiga makasia walimjua yeye na ukoo wake, na kule ng'ambo alijua njia zipi bado hazikanyagwi kwa sababu ya mabomu yaliyofukiwa. Bila mtu kama yeye mwanamke hakuvuka. Kundi lilikuwa na akina mama kadhaa na wanaume wawili. Walikubaliana waondoke baada ya sala ya Ijumaa iliyofuata.

Jumamosi kabla ya Ijumaa hiyo ndipo Ya Tajiri ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza.

Nilikuwa ndani. Asubuhi nilikuwa nimefyatua matofali na vijana wenzangu, kazi niliyokuwa nafanya tangu matokeo yatoke, na mjomba hakunitoza kiingilio. Banda lilijaa. Lilipofika lile jambo la daraja, televisheni ilionyesha mwanamke mwenye nywele fupi akisoma habari, na nyuma yake daraja linaanguka majini. Mjomba akagonga debe.

"Hii ni taarifa ya habari. Daraja la mto Ruvuma limelipuliwa alfajiri ya leo."

"Kaka, Ruvuma ina daraja lini?" mtu alisema nyuma. Miaka hiyo lilikuwa halijajengwa.

"Labda kajenga yeye jana," mwingine akasema, na banda zima likacheka.

Mjomba hakupenda kushikwa uongo mbele ya watu. Aligonga debe tena, mapigo yote kwa ukamilifu, na kicheko kikaisha. "Tunasahihisha taarifa yetu. Ni kivuko. Kivuko cha mto Ruvuma kimeshambuliwa. Mitumbwi imechomwa moto. Wananchi wanaombwa wasikaribie mpaka. Vita vimeanza upya."

"Hapo sawa," alisema yule wa nyuma.

Baadaye kidogo tajiri alionekana akipeana mkono na wanaume wenye tai, na mmoja wao akafungua mkoba. Mjomba alieleza, akirefusha maneno kama alivyozoea: "Hawa ni wakubwa wa serikali. Wanalipwa wanyamaze. Kesho mtawasikia wanawaambia hakuna vita, kaeni kwa amani. Wamelipwa waseme hivyo." Watu waliguna kwa kuridhika. Kachero akaruka kutoka kwenye ghorofa. Sikufikiria lolote.

Tulipotoka, soko lilikuwa limepungua watu kabla ya wakati wake. Muuza tumbaku alikuwa ameshakunja gunia lake na kuondoka. Nilipofika nyumbani nilimkuta mama amekaa barazani na akina mama wawili wa lile kundi. Mmoja alikuwa amekuja kuchukua nguo aliyomwazima mama kwa ajili ya safari.

"Umesikia?" mama aliniuliza.

"Nini?"

"Wanasema kuna vita."

Nikamweleza ni filamu. Mama alisema anajua ni filamu, anaijua sauti ya mdogo wake. Yule aliyekuja kuchukua nguo alinisikiliza hadi mwisho, akaikunja nguo yake vizuri, akaondoka nayo.

Asubuhi tulikwenda kwa muuza tumbaku. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo tulizungumza kwa lugha yetu. Alikuwa anakata tumbaku kwa kisu kidogo na hakuacha kukata.

"Mzee wangu, ile ni sinema," mama alisema. "Yule ni mdogo wangu."

"Sauti yake naijua. Lakini yale si maneno yake. Yeye anasoma tu anayopewa."

"Hapewi. Anatunga."

"Mtu atatungaje kuchomwa mitumbwi?" Alimtazama mama kwa mara ya kwanza. "Wewe ulikuwa mdogo. Mwaka tuliokimbia walianza na mitumbwi. Hakuna aliyesema bunduki kwanza. Tuliamka tukakuta mitumbwi inawaka. Mtu ambaye hakuwepo hawezi kulijua hilo."

"Mdogo wangu alikuwepo," mama alisema. "Ndiyo maana analijua."

Mzee alifikiri, lakini naona halikumwingia. Nikamwambia, "Babu, mimi nilikuwa ndani. Picha ilikuwa ya wazungu watupu."

"Na vita vinaletwa na nani?" alinijibu.

Alisema hatapeleka watoto wa watu kwenye moto. Alisema kwa upole na akatupa tumbaku kidogo ya kupeleka nyumbani, kama mtu anayetoa pole.

Mama hakulia wala hakugombana. Tulitoka kwa mzee tukaenda moja kwa moja hadi bandani. Mjomba alikuwa anamwaga mafuta kwenye jenereta.

"Washa hicho kitu chako useme," mama alimwambia.

"Niseme nini?"

"Kwamba hakuna vita. Kwamba uliyatunga."

Mjomba aliweka kidumu chini. "Dada, nikisema natunga, nani ataingia hapa kesho? Wote wanajua natunga, ila hawajawahi kuambiwa. Kujua na kuambiwa ni vitu viwili."

"Mama yako anakunywa uji."

Nilimwona anatazama kile kigoda kupitia mlangoni. Kisha akawasha jenereta, akachukua kinasa sauti na kusema, kwa sauti yake ya kawaida ya kila siku, kwamba ndugu zangu wa sokoni, hakuna vita Ruvuma, kivuko ni kizima, yale ya jana yalikuwa ya filamu na aliyatunga mwenyewe, na wanaosafiri wasafiri. Alirudia. Akazima.

Mimi, jenereta ilipowaka tu, nilikuwa nimekimbilia sokoni ili nione. Nilisimama karibu na wauza chumvi.

"Mbona leo hakupiga ngoma?" mmoja aliuliza.

"Jana alipiga."

"Jana ilikuwa taarifa. Leo anaongea tu."

"Wamemlipa," alisema wa tatu. "Si mwenyewe alisema jana? Watatuambia hakuna vita, wamelipwa waseme."

"Kumbe kweli vita vimeanza."

Hawakusema kwa hasira. Walikuwa watu wa Nachingwea. Wapigania uhuru wa ng'ambo waliwahi kufanyia mazoezi wilayani kwetu, na karibu kila mtaa ulikuwa na mtu aliyewahi kukimbia kitu. Habari ya vita kwao ilikuwa kama habari ya nzige: ukisikia, unaingiza vitu ndani, mengine utajua baadaye. Kuna mtu alikwenda bomani kuuliza. Alijibiwa kwamba hawana taarifa yoyote. Akarudi akasema hawana taarifa, na jibu hilo likachukuliwa na kila mtu alivyotaka.

Ijumaa ikapita. Kundi halikuondoka. Mama aliendelea na kazi zake, alibangua njugu, alifagia, alipika. Nikimsemesha alijibu. Jioni alikaa barazani akielekeza uso upande wa kusini, lakini nadhani ni kwa sababu kiti kilikuwa kimewekwa hivyo. Mwenyewe nilikwenda kwenye matofali na kurudi. Katika maisha yangu nimepita miji mingi, nimelala Masasi, Songea, Mbeya, Dar es Salaam, kila mahali nimekaa kidogo na kuondoka, na watu wamewahi kuniuliza nakimbia nini. Sijui. Siku zile ndizo ninazozikumbuka kuliko zote, na hakukuwa na kitu ndani yake. Udongo, maji, kalibu, tofali. Mama anabangua njugu. Kipaza sauti kinasema kachero amepita Nambambo.

Filamu iliendelea kuonyeshwa. Mjomba sasa aliita mto kwa jina jingine, la kubuni, na watu walimzomea. "Sema Ruvuma, kaka. Unaogopa nani?"

Kiangazi kilikuwa kinaelekea mwisho. Siku moja mawingu yalikusanyika upande wa Marambo, hayakunyesha, lakini mama aliyaona. Akafunga nguo zake kwenye kanga na kwenda bandani filamu ikiwa katikati. Nilimfuata. Aliingia ndani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akapita kati ya watu waliokaa chini hadi kwenye kigoda. Watu wakasema, "Mama, kaa, unatuzibia." Hakukaa.

"Utanipeleka wewe," alimwambia mjomba.

Maneno hayo yaliingia kwenye kinasa sauti na yakasikika soko zima. Mjomba alitazama televisheni, ambako midomo ya watu ilikuwa inaendelea kucheza bila sauti. Kisha aliweka kinasa sauti chini. Tulipotoka, watu walikuwa wanapiga kelele warudishiwe viingilio. Kesho yake mwenye banda alimleta mtafsiri wake wa Ruangwa, kijana aliyesema Kiswahili cha Dar es Salaam, akamkalisha kwenye kigoda.

Tulikwenda watatu. Lori lililobeba mihogo mikavu lilitufikisha Masasi, tukapata gari jingine hadi liliposhindwa njia, na sehemu iliyobaki tulitembea. Mjomba alitangulia. Alikuwa hajapita njia ile tangu utotoni na mara mbili alisimama kwenye njia panda muda mrefu, mama akisubiri bila kumsaidia. Njiani mjomba alizungumza kidogo sana. Sikuwa nimejua kwamba anaweza kunyamaza.

Mtoni mitumbwi ilikuwepo yote, imevutwa mchangani. Wapiga makasia walikuwa wamekaa kwenye kivuli wakicheza bao. Mmoja aliinuka.

"Mnatoka huko?" aliuliza. "Ni kweli mnapigana?"

"Nani anapigana?" mjomba aliuliza.

"Ninyi. Watu hawavuki siku hizi. Waliopita mwisho walisema Nachingwea kumetangazwa vita redioni, na wa ng'ambo nao wakaogopa kuja."

Mama alikuwa ameshaingia kwenye mtumbwi na kukaa. Maji yalikuwa machache, sehemu nyingine mpiga makasia alishuka na kusukuma. Hakuna aliyetukataa ng'ambo. Hakuna aliyekuwepo wa kutukataa.

Kijijini kwa bibi tulifika mchana, kwa njia aliyotuelekeza mpiga makasia. Nyumba yake ilikuwa wazi, na uani palikuwa na majivu mengi na alama za watu wengi kukaa. Mama alivua ndala mlangoni kabla hajaambiwa. Ndugu yake mkubwa wa kike, mtoto wa mama yake mkubwa, alitoka ndani akiwa amejifunga kitambaa kichwani. Alimshika mama mikono yote miwili. Akasema bibi alizikwa wiki iliyotangulia.

"Tuliwatumia mtu," alisema. "Alipoanza kuuliza mnafika lini, tulimtuma mjukuu wake aje awachukue. Alifika mtoni akaambiwa kwenu kuna vita. Akarudi. Mama akasema basi, wamepatwa na vita."

"Alisema tumepatwa?" mama aliuliza.

"Alisema hivyo. Akaacha kuuliza."

Tulikalishwa kwenye mkeka, tukapewa maji. Watu wa nyumba walikuja mmoja mmoja kutupa pole. Dada huyo akamgeukia mjomba. "Kwani hata ninyi mliisikia hiyo habari?"

"Tuliisikia," mjomba alisema. "Redioni."

Mama alikuwa ameshika kata ya maji. Alimtazama mjomba, akanywa, akairudisha kata kwenye mtungi. Nikadhani limeishia hapo.

Jioni walitupeleka kaburini, nyuma ya mikorosho. Udongo ulikuwa bado mwekundu. Watu wetu, mtu akichelewa mazishi, hupelekwa kaburini na unga wa mtama, na mwanamume mkubwa wa tumbo lile humwaga unga kidogo kidogo na kumwambia marehemu nani amefika na nini kilimchelewesha. Hilo la pili ndilo kubwa. Unaweza kusema uongo mahali popote, ila unga ukiwa mkononi husemi uongo, kwa sababu aliyelala hatakujibu na hutapata nafasi nyingine ya kusahihisha. Mwanamume mkubwa wa tumbo lile alikuwa mjomba.

Walimpa kibakuli. Alichuchumaa. Nyuma yetu walisimama ndugu wote, na yule mjukuu aliyeishia mtoni alikuwepo, mtu wa umri wangu.

Mjomba akamwaga unga kidogo. Akakohoa. Akaanza kwa ile sauti nzito, ya taratibu, nadhani ndiyo pekee aliyokuwa anaijua ya kusemea mbele za watu. "Mama. Watoto wako tumefika. Tumechelewa kwa sababu ya habari za..."

"Si kwa sauti hiyo," mama alisema.

Nzi walikuwa wanatua kwenye unga. Mjomba alibaki amechuchumaa muda ambao mtu mwingine angeona aibu na kuinuka. Mama hakumhimiza. Hatimaye akamwaga unga mwingine na kusema, kwa sauti ndogo hadi waliokuwa nyuma wakasogea, kwamba hapakuwa na vita, kwamba habari ile haikutoka redioni bali ilitoka mdomoni mwake, alikuwa anachekesha watu, na kwamba mama yake aliondoka akidhani watoto wake wamepatwa na vita, na haikuwa kweli.

Yule mjukuu alitazama miguu yake. Mtoto mmoja aliuliza habari gani, akanyamazishwa. Dada mkubwa alichungulia kwenye kibakuli.

"Unga umebaki," alisema. "Mwaga wote."

Mjomba akamwaga wote. Akakipindua kibakuli na kukipiga chini taratibu ili kisibaki na kitu, kisha akakipangusa kwa kiganja. Mama aliinama, akasawazisha udongo pale miguu ya mjomba ilipokuwa imechimba, akarudi nyuma. Alibaki kule hadi mvua zikapita. Sisi wawili tulivuka kesho yake, na njia nzima mjomba alikuwa nyuma yangu.